Karura Ukikimbia Uko Fiti, Kayole Ukikimbia Ni Mwizi

Tuanze na hesabu ndogo.

Jumamosi asubuhi, msee wa Kayole ameamua leo anakimbia msituni. Msitu wenyewe ni Karura, kwa sababu hapo ndipo kila mtu kwa simu yake anakimbilia. Mat ya kwanza hadi tao. Mat ya pili hadi Kiambu Road ama Limuru Road, inategemea anaingilia geti gani. Alafu geti yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mia moja kwa Mkenya mtu mzima. Akimaliza, mat mbili za kurudi. Ukijumlisha yote na maji ya kunywa, unakaribia mia nne, na jam imekula asubuhi nzima, ndio mtu akimbie saa moja tu.

Mia nne mtaani ni unga, sukuma, mafuta ya kupima na chenji ya tokeni ya stima. Kwa hivyo ukiona kijana wa Eastlands hajawahi kukanyaga Karura, usimwambie ni uvivu. Amepiga hesabu.

Lakini hii posti si ya kulia juu ya nauli. Pesa ni nusu ya stori. Nusu ingine ndiyo nataka tuongelee, kwa sababu sijaona mtu akiisema vizuri: Eastlands, kukimbia ni kitu tulifunzwa tusifanye.

Wewe umelelewa mtaani, unajua hii sheria. Ukiona karao, usikimbie. Hata kama hujafanya kitu. Hasa kama hujafanya kitu. Mathe alikuambia, brathe mkubwa akakuambia, makanga akakukumbusha. Toa mikono mfukoni, tembea pole pole, ukisimamishwa jibu kwa heshima. Tumezika vijana wengi sana katika hii mitaa wenye kosa lao lilikuwa kuonekana mgongo. Kwa hivyo mwili wa kijana wa Eastlands unajua kitu mwili wa msee wa Runda haujui: kwamba miguu ikienda kasi, shida inakuja.

Alafu kuna raia wenyewe. Jaribu kukimbia peke yako kutoka Masimba hadi Donholm saa kumi na mbili asubuhi, na hudi yako na viatu vya kawaida. Watu wanageuka kwanza kuangalia nani anakufukuza. Wakikosa kuona mtu, wanaangalia umebeba nini. Na kama kuna msee nyuma yako anakimbia pia, hata kama ni beshte yako mlitoka pamoja na amechoka tu, hiyo sasa ni stori ingine. Neno moja tu likitoka kwa mdomo wa mama wa mandazi, mko kwa shida ambayo haina wakili.

Ndio maana timu za mpira za mtaa hukimbia kwa kikundi, wote na jezi moja, wakiimba. Watu hudhani ni mbwembwe. Jezi ni kitambulisho. Wimbo ni barua ya kuambia mtaa mzima: sisi ni wachezaji, tulieni.

Dem naye ana hesabu yake tofauti. Dem akitaka kukimbia peke yake Mumias South Road alfajiri, anahesabu vitu vingine kabla ya kilomita. Taa za barabara zinawaka ama zimekufa? Ile base ya kona imeamka? Avae nini ndio asiongeleshwe, na akiongeleshwa ajibu ama aweke masikio ndani ya efoni? Akirudi nyumbani amechoka, na nusu ya uchovu si ya mbio. Huko Karura unaona mademu wanakimbia peke yao katikati ya miti, mahali hakuna nyumba, na wanarudi salama. Msituni! Sisi kwa barabara iko na maduka pande zote mbili tunaogopa.

Sasa hapo ndipo watu husema, "Ni vile Karura ni ya watu wa kuishi poa." Na mimi nasema ngoja kidogo, kwa sababu Karura haikuzaliwa salama.

Wenye umri wa wazazi wetu wanaikumbuka Karura ingine. Msitu wa serikali tangu 1932, zaidi ya hekta 1,000, na mtu wa akili timamu hakuingia. Ilikuwa mahali pa kuibiwa, na mahali pa kutupa maiti. Alafu kwa miaka ya tisini watu wakubwa wakaanza kugawana vipande vyake wajenge nyumba. Aliyesimama mbele yao ni Wangari Maathai. Tarehe 8 Januari 1999 alienda kupanda mche karibu na geti, akapigwa na walinzi hadi kichwa kikapasuka. Akaenda stesheni akaandikisha ripoti na akaweka sahihi kwa damu yake. Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo wakamwagika barabarani, wasee na mademu wa umri wetu kabisa, na Agosti ya mwaka huo rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, 2004, huyo mama akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata baada ya kuokolewa, msitu bado ulikuwa wa kuogopwa. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya mkono. Kuanzia kama 2009 na 2010, Shirika la Misitu, KFS, likashikana na wananchi wa hapo karibu walioitwa Friends of Karura Forest. Wakaweka fensi ya stima. Wakachonga njia za kutembea, kukimbia na baiskeli. Na hii ndiyo sehemu watu husahau: wakaajiri walinzi kutoka kwa vijiji maskini vya jirani, kama Mji wa Huruma, si Huruma yetu. Vijana ambao wangeitwa wezi wakikimbia Muthaiga ndio waliufanya msitu uwe salama kwa watu wa Muthaiga kukimbia.

Kwa hivyo usalama si hali ya hewa. Haunyeshi upande mmoja wa Nairobi ukaacha upande mwingine. Kuna watu walikaa chini, wakatafuta pesa, wakaajiri watu, wakautengeneza. Swali ni kwa nini haujawahi kutengenezwa huku kwetu.

Jibu refu linaanza kabla babu zetu wafike mjini. Mkoloni alipopanga Nairobi alijua anafanya nini. Yeye alichukua magharibi na kaskazini: mlima kidogo, udongo mwekundu, miti, hewa baridi. Mwafrika akawekwa mashariki kwa tambarare, kwenye ile udongo nyeusi ya kunata, ile mvua ikinyesha unatoa mguu na kiatu kinabaki. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni: hizo zilikuwa nyumba za wafanyakazi, karibu na reli na viwanda. Na ukiangalia vizuri Kaloleni, utaona hata hao waliacha uwanja katikati na nafasi kati ya nyumba. Sisi wenyewe, baada ya uhuru, ndio tulikuja kubana kila kipande. Buru iliacha viwanja vidogo vya watoto kwa kila kipindi cha nyumba. Nenda uhesabu vimebaki vingapi. Umoja na Kayole ghorofa zimebusu.

Kwa hivyo ukichora ramani ya mahali mtu anaweza kukimbia chini ya miti Nairobi, utachora Karura, Arboretum, City Park, msitu wa Ngong Road, Ololua. Zote ziko upande ule. Upande wetu kuna Uwanja wa Jacaranda, ambao unajulikana zaidi kwa mikutano ya siasa. Kuna Camp Toyoyo pale Jericho, ambayo ni ya mpira. Kuna Outering, ambayo walipoipanua waliiweka njia ya miguu na ya baiskeli, na leo hiyo njia ina mtu wa viatu vya mtumba, mtu wa mahindi choma na nduthi tatu zimekuja upande usiofaa. Sijawalaumu, wanatafuta. Lakini huwezi kukimbia. Na ukijaribu upande wa Dandora unakimbia ukivuta moshi wa lile jaa la taka lililofunguliwa 1975 na likatangazwa limejaa 2001. Robo karne baada ya kujaa, malori bado yanaingia. Kukimbia ndani ya huo moshi ni kama kuvuta sigara kwa bidii.

Na si ati serikali haijui. Kaunti ya Nairobi iko na sera yake ya 2015 kuhusu watu wa miguu na baiskeli. Imeandikwa humo kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa hao watu. Tembea kutoka Umoja hadi Kariobangi alafu uniambie hiyo ishirini iko wapi. Katiba nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haikuandikwa "kila mtu anayeishi karibu na Karura."

Sasa niseme kile nimekuja kusema.

Mahali tupo. Ni mtoni.

Kuna mto unaitwa Gitathuru. Unapita ndani ya Karura, chini ya miti, watu wanapiga picha juu ya daraja. Huo huo mto unatoka huko, unapita karibu na gofu ya Muthaiga, alafu unaingia Mathare. Maji yaleyale. Juu ni ya kupigia picha, chini ni ya kushikia pua. Na yote huishia kwa Mto Nairobi, ambao unakata Eastlands nzima: Gikomba, Shauri Moyo, nyuma ya Buru, Korogocho, Dandora, hadi Ruai. Kama ulitaka njia ndefu ya kukimbia inayopita karibu na kila mtaa wetu bila kuvuka barabara kubwa kila dakika, Mungu alishaichora.

Shida ilikuwa kando ya mto pamejengwa. Alafu ikaja mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Serikali ikasema mita 30 kutoka mtoni kila mtu atoke, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Tuliona wenyewe. Watu wakitoa magodoro kwa matope, mabati yakibebwa kwa mkokoteni, watoto na yunifomu za shule wamekaa juu ya sufuria. Wakaahidiwa shilingi 10,000 kila nyumba waende waanze upya. Elfu kumi Nairobi hii, deposit na kodi ya mwezi wa kwanza, unajua inafika wapi.

Machi 2025 rais akazindua mradi mkubwa wa kurekebisha Mto Nairobi, unaotajwa kwa mabilioni 50. Vijana wa Climate WorX walikuwa wameshaingia mtoni tangu 2024, na bado wanazoa taka kwa mshahara wa siku. Na kwa michoro ya mradi kuna njia za kutembea na za baiskeli, miti, viti, watu wa kuchorwa wakitabasamu.

Mimi nikiona hiyo michoro najiuliza kitu kimoja tu. Geti iko wapi?

Kwa sababu nimeona venye hii mji inafanya kazi. Kwanza watu wanaondolewa kwa jina la mazingira. Alafu panasafishwa. Alafu panawekwa fensi. Alafu siku moja kuna kibanda na mtu wa tiketi, ama kuna bango la ghorofa zenye jina la kizungu la mto. Na yule aliyevunjiwa nyumba hapo anarudi kama mgeni wa kulipa, ama kama soja wa usiku.

Tusivunjiwe nyumba ndio mtu mwingine akate tiketi. Hiyo ndiyo point yangu yote. Ile mita 30 imelipiwa tayari, na imelipiwa na watu maskini zaidi katika hii mji. Kitu kidogo sana tunachodai ni njia ya wazi kando ya mto, kutoka Gikomba hadi Ruai, ya kutembea na kukimbia, yenye taa, bila geti na bila tiketi. Na kazi ya kuilinda na kuitunza wapewe vijana wa hapo hapo, wakianza na familia zilizoondolewa na hao wanaozoa taka sasa hivi. Si kwa kibarua cha miezi. Kwa kazi.

Najua mtaniambia nini, nimeshasikia.

Wa kwanza: "Bila tiketi nani atalipia usafi?" Poa. Karura ni msitu wenye fensi, inahitaji pesa ya geti, na hata hiyo pesa imeleta kelele. Si mnakumbuka Agosti 2025, KFS ilipotaka kila kitu kilipwe kupitia eCitizen, hadi maneno ikafika kortini? Lakini njia ya mtoni ndani ya mtaa si msitu. Ni barabara ya miguu. Hakuna mtu hukulipisha kutembea Moi Avenue. Taa za barabara hulipiwa na kodi, na sisi kodi tunalipa kila tukinunua bando.

Wa pili: "Wasee wataifanya base ya kuvuta na kuibia watu." Inawezekana, kama itaachwa giza na tupu. Ndivyo Karura ilivyokuwa. Njia iliyo na taa, watu na walinzi wenye mshahara haina nafasi ya hiyo maneno. Ukitaka mfano wa karibu, kuna makundi ya vijana Korogocho na Dandora walishageuza jaa dogo la kando ya mto na uwanja wa katikati ya nyumba kuwa mahali watoto wanacheza, kwa jembe na rangi, kabla bilioni yoyote itajwe. Watu wenye uwezo wa kulinda hiyo njia wako. Hawajaajiriwa tu.

Wa tatu, na huyu ndiye hunikera: "Watu wa ghetto wana shida za maana, si kukimbia." Kwani nani aliamua ati maskini anataka chakula peke yake? Mathe ana presha, daktari amemwambia atembee kila siku. Atembee wapi, kwa ngazi za ghorofa? Kijana amekaa bila kazi miezi minane, kichwa inamla. Unamwambia afanye mazoezi ya akili. Aende wapi mahali akikimbia hataulizwa ameiba nini? Yule wa Karura pia ana shida za maana, na bado anakimbia, na hakuna mtu anamwambia angoje shida ziishe.

Tena sisi ni Kenya. Dunia nzima inatujua kwa miguu. Iten, kwa mita kama 2,400 juu ya bahari, mtu yeyote anaamka anakimbia kwa barabara ya udongo mwekundu, hakuna geti, hakuna anayepiga nduru. Watoto wanakimbia nyuma ya mabingwa wakienda shule. Na ile siku Eliud Kipchoge aliweka 1:59:40, tarehe 12 Oktoba 2019, mtu wa kwanza kumaliza kilomita 42 chini ya saa mbili, alikuwa akikimbia wapi? Vienna, ndani ya Prater, bustani ya umma ya mji. Zamani Prater ilikuwa msitu wa wafalme wa kuwinda, raia hawakuruhusiwa. Mwaka wa 1766 mfalme Joseph wa Pili akaifungua kwa kila mtu. Mkenya akaenda kuvunja mpaka wa binadamu chini ya miti ambayo mtoto maskini wa Vienna anaingia bure. Huku nyumbani, mtoto wa Dandora hana kilomita moja ya hivyo.

Kwa hivyo tufanye nini, mbali na kulaiki?

Bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kabla ipite lazima kuwe na vikao vya wananchi. Huwa vinajazwa na wazee kumi na soda. Tuende. Swali letu liwe moja, rahisi, hata MCA hawezi kuzunguka: njia ya mtoni itakuwa na geti ama haitakuwa? Aseme, tumrekodi, tuweke.

Na tukingoja hiyo, tukimbie kwa mbogi. Kumi, kumi na tano, mademu na wasee, Jumamosi asubuhi, tishati za rangi moja kama timu za mpira. Si kwa sababu ni stailo, ni kwa sababu mtaa unahitaji kuzoea kuona watu wetu wakienda kasi bila kukimbizwa. Mama wa mandazi akituona mara ya tano atatupigia makofi. Karao akituona mara ya kumi atatupungia mkono, ama angalau atabaki kwa gari.

Kama uko Umoja, Donholm, Kayole, Dandora ama Kariobangi na tayari mna kikundi, niandikie mnaanzia wapi na saa ngapi. Nitaweka orodha yote hapa, mtaa kwa mtaa, ndio mtu asikimbie peke yake.